Huyu systemd+ ni nani?

Endesha `ps aux`, amri inayoorodhesha michakato (programu zinazoendelea), kwenye seva ya Ubuntu uone: safu ya USER, yaani mwenye mchakato, itakuletea `systemd+` mara mbili au tatu. Usihangaike kumtafuta kwenye `/etc/passwd`, orodha ya watumiaji, hayumo. Safu hiyo ina nafasi ya herufi 8 tu. Jina likizidi hapo, ps hubakiza herufi 7 na kubandika alama ya kujumlisha. Na neno systemd lina herufi 7 kamili, kwa hiyo watumiaji wa huduma za mfumo, systemd-network, systemd-resolve na systemd-timesync, wote hutoka na sura moja. Ps za zamani hazikukata jina, ziliandika UID, namba ya mtumiaji. Sura yake mbaya, lakini namba haimchanganyi mtu na jirani yake.

Dawa ni kupanua safu mwenyewe:

`ps -eo user:32,pid,args`

Kwenye top, amri inayoonyesha michakato ikijisasisha yenyewe, bonyeza X kubwa, andika 10, kisha W kubwa ili mpangilio ubaki.

Balaa zaidi ni skripti. `ps aux | awk '$1=="systemd-resolve"'` hairudishi kitu wala hailalamiki, nawe utadhani huduma imekufa. Tumia `ps -u systemd-resolve`: hiyo hugeuza jina kuwa UID kwanza, ndipo ilinganishe.

Maana kerneli, kiini cha mfumo, haijui majina, inajua namba tu. Fungua `/proc/1234/status` (badala ya 1234 weka PID, namba ya mchakato unaoutaka) utazame mstari wa Uid: una namba nne, ya kwanza ikiwa ya mtumiaji halisi, ya pili ile ambayo mamlaka yake ndiyo yanatumika sasa. Ps huonyesha hii ya pili. Ndiyo maana mtumiaji wa kawaida akiendesha `passwd`, amri ya kubadilisha nywila, mchakato unasomeka ni wa root, msimamizi mkuu. Ukitaka kumjua aliyeuanzisha, omba zote mbili:

`ps -eo ruser:20,euser:20,pid,comm`

Kwenye kontena ndiko watu hupotea. Hifadhidata ya Postgres ya picha rasmi (kifurushi kinachozalisha kontena) ya Debian hutumia UID 999. Ps ya seva mwenyeji huipeleka 999 kwenye orodha ya watumiaji wa mwenyeji, si ya kontena, hivyo utaona jina la yeyote mwenye namba hiyo hapo, hata kama hana habari na hifadhidata. Asipokuwepo, utaona 999 tupu. Endesha `getent passwd 999` kwa mwenyeji, halafu ndani ya kontena, ulinganishe majibu kabla hujaua michakato ya mtu kwa `pkill -u`.