Mtu wa Chini: Kazi ya Miti na Wenzangu wa Devon

Watu wa nyumbani wakiniuliza ninafanya kazi gani huku Uingereza, nikawajibu kwamba nakata miti, wengi hudhani kwamba niko msituni na shoka au nimeajiriwa na kiwanda cha mbao. Sisi ni kikosi kidogo katika jimbo la Devon, kusini-magharibi mwa nchi, na miti tunayoishughulikia ni ile inayoishi karibu na watu: mwaloni ulioinamia paa la shule, msonobari uliozikaribia nyaya za umeme, mti wa uwanja wa kanisa ambao tawi lake kubwa limeanza kupasuka. Mara nyingi mti kama huo hauna nafasi ya kuanguka mzima, kwa hiyo mmoja wetu huupanda kwa kamba na kuukata kipande kwa kipande kuanzia kileleni, huku vipande vizito vikifungwa kamba nyingine na kushushwa taratibu hadi ardhini. Mwenye kuishika kamba hiyo ni mimi.

Nimekulia Pangani, ambako mkwezi hupanda mnazi kwa vidato vilivyokatwa kwenye shina, pekupeku, panga likiwa kiunoni, na anayemngoja chini kazi yake ni kuokota nazi na kukaa mbali zinapodondoka. Huku mti utakaobaki hai haupandwi kwa viatu vya miiba ya chuma, kwa sababu kila tundu kwenye gome ni njia ya kuingilia kuvu na uozo. Miiba huvaliwa pale tu ambapo mti wote unaondolewa. Mpandaji huning'inia kwa mikanda, na siku hizi hutakiwa kuwa na kamba mbili zilizofungwa mahali pawili, ili moja ikikatika au ikiguswa na msumeno abaki na nyingine. Kanuni za mwaka 1998 kuhusu vifaa vya kunyanyulia zinadai kwamba kamba, mikanda na vyuma vya kupandia vikaguliwe na mtu mwenye ujuzi kila baada ya miezi 6. Mkaguzi akikitilia shaka kifaa hukiondoa kazini, na hakuna anayebishana naye hata kama kifaa hicho kilinunuliwa kwa bei inayouma.

Mtu wa chini haokoti tu. Tawi linapokatwa, uzito wote huhamia kwenye kamba iliyozungushwa kwenye chuma kilichofungwa sehemu ya chini ya shina, na kamba hiyo imo mikononi mwangu. Nikiikaza mno, gogo husimama ghafla na mshtuko wake hupanda hadi kwa mtu aliye kileleni, akatikiswa pamoja na mti. Nikiilegeza mno, gogo huenda likatua juu ya banda la vioo la mwenye nyumba. Inabidi kuiachia ikimbie kidogo, halafu kuibana polepole hadi mzigo utulie. Mpandaji hahitaji kutazama chini ili ajue ni nani anayeishika kamba siku hiyo, maana hulisikia hilo katika shina alilolikumbatia. Kwetu tukisema aliye juu mngoje chini huwa tunamtishia mtu; huku ndiyo maelezo kamili ya ajira yangu.

Hofu kubwa zaidi ni mashine ya kusaga matawi, ambayo hulimeza tawi zima katika muda wa kupepesa macho. Kamba ya mpandaji ikijificha ndani ya rundo la matawi na kuingizwa humo, mashine itavuta kila kilichofungwa upande wa pili. Ndiyo maana nusu ya siku yangu hupita nikizitoa kamba njiani, nikizikung'uta majani na kuziweka mahali zinapoonekana. Hakuna anayeingia chini ya mti bila kumwita mpandaji na kusubiri ajibu, na kuona tu kwamba msumeno umenyamaza hakuhesabiwi kuwa jibu. Vilevile, kila mtu anapopanda, lazima pawepo chini mwenzake aliyefundishwa kupanda na kumwokoa, kwa kuwa mtu aliyejeruhiwa huku akining'inia hawezi kungoja zimamoto wamtafutie ngazi inayofika.

Mambo haya ndiyo yanayoujenga udugu wa kazini, kuliko maneno matamu. Maneno matamu kwa kweli hayapo. Kuanzia saa moja asubuhi, tunapopakia gari, kunoa minyororo kwa tupa na kuchanganya petroli na oili, watu hawa hutukanana kwa utulivu mkubwa: mmoja huambiwa kwamba anapanda kama bibi kizee, mwingine kwamba fundo lake lingemfaa zaidi mfunga viatu. Mgeni kutoka nchi nyingine anaweza kuumia moyo. Sisi tuliokulia katika utani wa makabila, ambapo mtani huja msibani na kumkejeli marehemu huku akiwa ndiye wa kwanza kubeba jeneza, hatuhitaji kufasiriwa. Nilifahamu kwamba nimepokewa siku matusi yaliponigeukia na mimi, kwani kabla ya hapo walikuwa wakinistahi kama mteja.

Chai nayo ina sheria zake. Aliye mdogo kazini ndiye humimina, na mwenye nyumba akileta chai mwenyewe, tabia yake hupimwa kwa biskuti alizoziambatanisha. Ramadhani inapoangukia miezi ya baridi, kama ilivyo miaka hii, mchana ni mfupi na kufunga si kugumu sana, lakini mwenzetu mwenye mdomo mchafu kuliko wote ameifanya saumu yangu kuwa shughuli yake. Huzitazama saa za magharibi kwenye simu, na tukiwa barabarani tukirudi hutangaza dakika zilizobaki kana kwamba mwenye njaa ni yeye.

Kuni hugawanywa. Mti uitwao ash, ambao ni wa kawaida huku, hupendwa zaidi kwa sababu huwaka vizuri hata kabla haujakauka sawasawa, na kwa bahati mbaya kuni zake siku hizi si haba. Kuvu linaloua miti hiyo, lililofika Ulaya kutoka Asia ya Mashariki, lilithibitishwa Uingereza mwaka 2012, na makadirio yalisema kwamba huenda hadi asilimia 80 ya miti ya ash nchini ikafa. Mti uliougua hukauka ukawa mkavu wa hatari: tawi linaloonekana zima hukatika bila kuonya, na shina huweza kupasuka wakati wa kukatwa. Kwa hiyo wapandaji wanaojivunia kamba zao hulazimika kuiacha miti hiyo na kufanya kazi ndani ya kikapu cha mashine ya kunyanyulia watu. Hawapendi. Mzee wetu wa kazi husema kwamba kikapu ni cha kubadilishia taa za barabarani, lakini hukiingia, na anayemcheka kwa hilo simjui. Mimi nakaa nyumba ya ghorofa isiyo na meko, kwa hiyo fungu langu la kuni humpa jirani wa mwenzetu, nami hupata mayai.

Machi hadi Agosti kazi hupungua upande wa nyua za miti na vichaka, kwa kuwa sheria ya wanyamapori ya mwaka 1981 inalinda viota vya ndege vinavyotumika. Tukikikuta kiota chenye ndege, tunafunga vitu vyetu na kuondoka, hata mteja akiwa amekunja uso. Popo nao wamelindwa, na baadhi ya miti ina amri ya halmashauri inayokataza kuigusa bila kibali. Nilipofika niliona ajabu mti mmoja kuwa na jalada lake ofisini. Sasa jalada ndilo la kwanza ninaloliulizia.

Dhoruba huja bila kufuata ratiba yoyote. Februari 2022, wakati wa dhoruba iliyopewa jina la Eunice, upepo ulipimwa kwenye kisiwa cha Wight ukifikia takribani kilomita 196 kwa saa, na miti iliangukia barabara na nyumba kote kusini mwa nchi. Katika siku za namna hiyo simu hulia usiku, na mti ulioanguka ni mbaya kuliko uliosimama, kwa kuwa shina lililopinda limebana nguvu ndani yake, na ukilikata upande usiofaa hurudi kwa kasi. Hapo utani hukoma. Kila anayekata huwa na mwingine aliyesimama pembeni yake akitazama tu, na kutazama huko ni kazi anayolipwa.

Tukirejea, kila mtu huenda kwake. Ndugu wa kazini hawa, ambao hukabidhiana uhai wao mchana kutwa, hawabishi hodi mlangoni pa mwenzao bila kupanga wiki moja kabla, na kwa muda mrefu niliuona huo kuwa unafiki. Sasa nauona kuwa mpaka tu, wala haupunguzi kitu kilichotokea mtini. Bado nakiri kwamba siku za Iddi ndipo mpaka huo hunielemea.

Mabega ya mzee wetu yamechoka, kama yachokavyo ya wapandaji wengi, naye ameanza kushuka mapema na kumwachia kijana kilele. Amenitaka nisomee kupanda na kuokoa, ili kikosi kisikose mtu wa kupeleka juu. Ada atalipa tajiri, kwa sharti kwamba nisihamie kwa mshindani baada ya kupata cheti. Kozi inaanza Septemba, na mke wangu bado hajakubali.