Usiku wa wodi ya macho, Mvumi

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na kibano cha chuma alichokivaa shingoni kwa uzi, pamoja na ufunguo wa sanduku lake. Kijijini kwetu, upande wa Kongwa, wanawake wengi wa rika lake walikuwa nacho. Kilikuwa cha kung'olea kope. Vikope, ugonjwa ambao hospitalini wanauita trakoma, uliwapata wakiwa watoto, ukawarudia walipolea watoto wao, ukawarudia tena walipolea wajukuu, kwa sababu unaambukizwa kwa mikono, kwa kitambaa cha kufutia uso na kwa inzi wanaotua machoni mwa watoto. Kila unapopita unaacha kovu upande wa ndani wa kope la juu. Makovu yakizidi, ukingo wa kope hujikunja kuingia ndani, na nywele zake zinaanza kukwangua kioo cha jicho kila mtu anapopepesa. Asiyewahi kuingiwa na mchanga jichoni akashinda nao hawezi kuyajua mateso hayo.

Kazi ya kung'oa ilikuwa yangu. Jua likishapanda kidogo Bibi aliketi kwenye kigoda, ameegemea ukuta wa tembe, uso kaelekeza mashariki, nami nikasimama kati ya magoti yake. "Haya, mume wangu," aliniambia, kwa utani wa bibi na mjukuu, "anza na la kushoto, hilo ndilo korofi." Kisha alianza kuimba.

Wimbo ulikuwa ule ule siku zote: *Bwana u sehemu yangu*. Aliimba taratibu, sauti ya chini, na sheria yetu ilikuwa kwamba navuta mwisho wa mstari, anaposhusha pumzi, si katikati. Kope zinazoota upya ni fupi na ngumu kama vishina vya uwele uliokwisha kuvunwa, na kibano huteleza juu yake. Niliupapasa ukingo kwa ncha, nikaushika unywele, nikangoja mstari uishe, nikavuta. Chozi lilishuka lenyewe hadi kidevuni. Sauti haikutetereka. Jicho moja lilichukua wimbo mzima na kiitikio chake, na siku mbaya tulirudi mwanzo.

Hivyo ndivyo nilivyoujua wimbo huo, kabla hata sijaweza kusoma kitabu cha Tenzi za Rohoni kilichokaa ndani ya sanduku lake. Na kitabu kile hakukisoma yeye pia, maana hakujaliwa shule. Alikinunua kwa ajili ya nyumba, akasema nyumba ya Mkristo haikosi kitabu. Nyimbo alizipata kwa masikio tangu akiwa binti, katika kanisa la udongo la Waanglikana. Katika wilaya zetu hizi kanisa hilo lina mizizi mirefu, kwa kuwa wamisionari wa CMS, chama cha misheni cha Waanglikana wa Uingereza, walipiga kambi Mpwapwa tangu miaka ya 1870. Mwalimu wa kanisa alikuwa anautaja mstari, watu wanaurudia kwa kuimba, mstari hadi mstari, mpaka wimbo unahamia kichwani.

Mwaka 1993 wahudumu wa macho walifika kijijini, wakamgeuza Bibi kope, wakasema kibano hakitoshi tena. Jicho la kushoto lilikuwa limeshapata weupe. La kulia lingeweza kuokolewa kama lingepasuliwa mapema. Wakampa karatasi ya kwenda Mvumi.

Kwa mtu wa Dodoma, kusema Mvumi na kusema macho ni jambo moja. Ni hospitali ya misheni, ya Dayosisi ya Central Tanganyika, kusini mashariki ya mji, na watu hufika pale kutoka pande zote za mkoa wakiwa wameshikwa mikono. Mama alikuwa na kichanga, kwa hiyo nikatolewa mimi, nilikuwa darasa la tano. Mjomba alitusindikiza hadi Mbande kupata basi, tukalala kwa ndugu mjini, kesho yake tukapanda gari la Mvumi, vumbi mpaka kwenye meno. Bibi alikuwa amefunga kitabu cha Tenzi ndani ya kanga pamoja na unga wa uwele na mlenda mkavu.

Upasuaji wa kope haumlazi mtu usingizi. Wanachoma sindano ya ganzi kwenye kope lenyewe, wanalichana kwa ndani na kuugeuza ukingo utazame nje, wanashona. Mgonjwa anasikia kila kitu: mikasi, maneno, bakuli la chuma. Niliketi kwenye benchi nje ya mlango. Alipotolewa, macho yote mawili yamefungwa bandeji, nesi aliyemshika mkono aliniambia, "Bibi yako katuimbia tangu mwanzo hadi mwisho. Daktari kasema asinyamaze, maana akiimba anatulia." Nilijua ni wimbo gani bila kuuliza.

Usiku ule ndio ninaotaka kuusimulia.

Wodi ilikuwa ya wanawake, karibu wote wazee, karibu wote wamefungwa macho. Sisi wasindikizaji tulitandika mikeka kati ya vitanda. Ganzi ilikuwa imeisha na maumivu yameingia, na hakuna aliyelala. Walisalimiana kwa kupapasa hewa, *mbukwenyi, mbukwenyi*, wakaulizana vijiji na koo, wakakuta kama kawaida kwamba fulani ameolewa kwa fulani. Kisha ikawa kimya cha watu wanaovumilia. Mama mmoja wa kitanda cha mlangoni akaanzisha wimbo wa Kigogo, wengine wakampokea. Ulipoisha, Bibi akaanzisha wake.

Mwenye kitanda cha jirani akauliza, "Hakuna mwenye kitabu hapa atutajie maneno?" Bibi akasema, "Mume wangu anacho." Nikakitoa kwenye kanga, nikasogea kwenye taa, nikasimama kama yule mwalimu wa kanisa la udongo. Nilisoma mstari wa kwanza, wakauimba. Nikasoma wa pili. Tulikwenda hivyo ubeti wa kwanza wote, sauti yangu ya kitoto ikitangulia na yao ikifuata. Katikati ya ubeti wa pili umeme ukazimwa, kama ulivyokuwa ukizimwa kila usiku. Mimi nikanyamaza, sioni herufi. Wao hawakunyamaza. Kwao hakuna kilichobadilika. Waliendelea mpaka ubeti wa tatu, neno kwa neno, ule unaoomba *mlangoni mwa mbinguni, niingie na wewe*, nikatambua kwamba walikuwa wanaujua wote tangu mwanzo na kitabu walikiomba ili mtoto apate nafasi.

Nani alijipangia sauti gani sijui. Wagogo hawagawani sauti kwa kuambiwa. Mmoja akipanda juu, mwingine anajikuta yuko chini, wa tatu anajaza katikati, na kuna wale wanaopitisha sauti nyembamba ya kichwani juu ya wote. Hao walikuwa wanawake waliozoea muheme, ngoma ile ya wanawake inayobanwa mapajani, na Bibi alikuwa mmoja wa wapigaji wa kijijini kwetu. Nilimsikia akigonga chuma cha kitanda kwa vidole, polepole. Kiitikio walikirudia, wakakirudia tena: *pamoja na wewe, pamoja na wewe*. Kule mwisho wa wodi kuna aliyekuwa analia na kuimba kwa pamoja.

Nilikuwa nimebatizwa, nilikuwa naenda kanisani, nilikuwa najua Sala ya Bwana na Imani ya Mitume. Lakini gizani mule ndipo nilipoamini kwa mara ya kwanza kwamba anayeimbiwa yupo, tena yupo ndani ya chumba kile, karibu kuliko mimi nilivyokuwa karibu na Bibi. Nywele za mikono zilisimama. Nililia, na kwa kuwa hakuna aliyeweza kuniona sikuona haja ya kujizuia. Nimesikiliza mahubiri mengi tangu hapo, mengine mazuri sana, na ninayashukuru. Hakuna hata moja lililonishika hivyo.

Asubuhi walifungua bandeji. Daktari hakuficha: operesheni imezuia kope zisiendelee kuchimba, lakini weupe wa jicho la kushoto hautaondoka. Bibi aliitikia tu. Akanigeukia kwa jicho la kulia, lililokuwa limevimba na kuwa jekundu, akalifumbua kidogo. "Shati lako limechanika begani," akasema, "na hukuniambia."

Bibi aliishi miaka mingi baada ya hapo na jicho lake moja. Kibano hakukivaa tena. Dawa za kumeza za vikope zilipokuja kugawiwa kwa vijiji vizima, na watoto wakafundishwa kunawa uso kila siku, wajukuu wa mwisho walikua bila kujua kifaa kile ni cha nini. Hilo nalihesabu miongoni mwa rehema kubwa nilizoziona kwa macho yangu.

Nilipokuwa mtu mzima, nikifanya kazi Dar es Salaam, ndipo nilipojua aliyetunga maneno yale ni nani. Ni Fanny Crosby, Mmarekani, aliyezaliwa mwaka 1820 na kupoteza uwezo wa kuona akiwa bado mchanga wa wiki chache. Alitunga nyimbo za dini zaidi ya 8,000, na huu ulitoka mwaka 1874. Nilipoyasoma hayo nilisimama nikatembea chumbani. Mtu asiyeona, bara jingine, karne nyingine, ameomba ashikwe mkono safarini, na ombi lake likapita mikononi mwa wafasiri na walimu wa kanisa hadi kwa wanawake wa Ugogo waliofungwa macho, wakaliimba kama lao. Ni lao. Watu husema tenzi ni mambo ya kizungu tuliyoletewa. Mimi nilikuwepo usiku ule, na siwezi kukubaliana nao.

Mama yangu alipofariki, mwaka 2011, nilikaa kando ya jeneza nikitafuta maneno ya kuomba, nisiyapate. Mdomo ukaanza wenyewe, kwa mwendo wa Bibi, pumzi ikishuka mwisho wa mstari. Ilikuwa sala kamili, na sijui ningevukaje siku ile bila hiyo.

Sasa nimerudi kuishi Dodoma. Kwaya zetu zina vinanda vya umeme na spika kubwa, na ninazipenda. Rose Muhando aliimba kwenye kwaya ya kanisa hapa hapa kabla Afrika Mashariki nzima haijamjua, na mabega ya Kigogo yakicheza mbele za Mungu ni jambo jema. Kinachonitia wasiwasi ni maneno kuwekwa ukutani kwa projekta kila Jumapili. Watu wanaimba vizuri kabisa, wanafika nyumbani hawana hata ubeti mmoja. Na siku ya kufungwa macho, ya hospitali au ya msiba, haimpigii mtu simu kwanza.

Kwa hiyo nimeomba nipewe watoto wa Sunday school, na mchungaji akakubali. Tunakaa chini ya mwarobaini nyuma ya kanisa, hakuna karatasi wala simu. Nataja mstari, wanaurudia. Wadogo wanachanganya maneno na wakubwa wanawasahihisha kwa ukali kuliko mimi. Ubeti wa kwanza wanao, wa pili karibu wanao. Jumapili ijayo tunaanza wa tatu.