Jinsi nilivyoiondoa N₂O₂ kwenye kanuni ya kasi

Siku mbili nzima nilikwama chumbani kwangu Kondele, Kisumu, nikitafuta kanuni ya kasi (mlinganyo unaoonyesha jinsi kasi inavyotegemea wingi wa vitu) ya mmenyuko wa 2NO + O₂ → 2NO₂, unaopita hatua mbili. Hatua ya polepole, ile inayoamua kasi, ni ya pili: N₂O₂ + O₂ → 2NO₂, nami nikaandika kasi = k₂[N₂O₂][O₂] (k ni namba thabiti ya kasi ya hatua husika, na mabano ni ukolezi). Mwalimu akaikata kwa kalamu nyekundu, na alikuwa na haki: N₂O₂ huzaliwa na kuliwa humo humo njiani, haikubaliki kwenye jibu la mwisho.

Nikarudi hatua ya kwanza, NO + NO ⇌ N₂O₂. Ni ya haraka, hivyo hufikia msawazo, yaani kasi ya kwenda (k₁) na ya kurudi (k₋₁) hulingana: k₁[NO]² = k₋₁[N₂O₂]. Nikaitenga [N₂O₂], nikaipachika:

kasi = (k₁k₂/k₋₁)[NO]²[O₂]

Ukiongeza NO maradufu, kasi hupanda mara 4. Kinachonivutia zaidi, joto likipanda mmenyuko huu hupungua kasi, kwa sababu N₂O₂ huvunjika kurudi NO.