Gitaa la Shoto

Mjomba hakupenda roki. Alikuwa mpiga rithimu wa bendi ya dansi pale Morogoro, mtu wa Mbaraka Mwinshehe tangu ujana wake, na roki yote kwake ilikuwa makelele, isipokuwa mpiga gitaa wa Marekani, Jimi Hendrix.

Jioni moja alinikuta nimelishika gitaa lake kinyume. Mimi ni shoto, na kila aliyewahi kunipa gitaa alinigeuza. Mjomba hakunigeuza. Aliingia ndani, akatoka na picha aliyoikata gazetini.

“Tazama vitufe viko wapi, mjomba.”

Vilikuwa juu. Hendrix alikuwa shoto, na gitaa la umeme aina ya Stratocaster, la mkono wa kulia, alilipindua tu.

Akafungua nyuzi zote, akazipanga upya. Uzi mnene ulikataa kuingia kwenye mfereji wa uzi mwembamba, akautanua kwa tupa, taratibu, huku akisimulia: kijana wa Seattle aliyewapigia gitaa waimbaji Little Richard na Isley Brothers, akaenda London Septemba 1966, akafia huko Septemba 1970 akiwa na miaka 27. Albamu tatu tu za studio.

Kisha akaweka santuri. Katika bendi zetu, gitaa likianza kulia lenyewe, fundi hukimbilia kupunguza sauti. Hendrix alisogea karibu zaidi na spika, sauti iutikise uzi, uzi uirudishe kwenye spika, naye akaupandisha na kuushusha mlio ule kama mtu anayeimba. Gramafoni ya mjomba ilikuwa na spika moja. Baadaye sana, kwa hedifoni, ndipo niliposikia jinsi sauti zinavyohama sikio hadi sikio kwenye albamu yake Electric Ladyland ya 1968. Na ukubwani ndipo nilipojua kuwa jirani zetu Zambia, akina WITCH na Paul Ngozi, walikuwa na roki yao yenye ngurumo hizo miaka ya 1970, Zamrock.

Wengi humkumbuka Hendrix kwa kulichoma moto gitaa kwenye tamasha la Monterey, 1967. Inaniuma, maana utajiri wake uko kwenye rithimu: gumba linavuka shingo ya gitaa na kushika besi, vidole vingine vinabaki huru kupamba kodi, zile noti zinazolia kwa pamoja.

“Gumba, mjomba! Sikiliza gumba!”

Gumba langu lilikuwa fupi, likauma. Mjomba akaanza kugonga mdundo wa dansi mezani, akaniambia nilipitishe humo humo, na hakuacha kugonga hadi shangazi alipotuita tukale.