Nilivyochagua ubao mama unaokubali programu dhibiti huria

Nilitaka kompyuta yangu ya mezani iwashwe na coreboot, programu dhibiti (firmware) ambayo msimbo wake uko wazi, badala ya BIOS ya kiwandani, yaani programu ya kwanza kuendeshwa kompyuta inapowaka. Coreboot, mradi ulioanza mwaka 1999 kwa jina la LinuxBIOS katika maabara ya Los Alamos nchini Marekani, hulazimika kuandaliwa kwa kila ubao mama (motherboard) peke yake, kwa hiyo mbao mbili za kampuni moja zenye soketi ileile zinaweza kutofautiana kabisa, mmoja ukawaka na wa pili usiwake. Ndiyo maana nilianza na orodha ya mbao zinazotambuliwa na mradi, nikaacha suala la kasi mwishoni.

Jambo la kwanza nililolichunguza ni Boot Guard, kinga ya Intel dhidi ya programu dhibiti ya mtu mwingine. Tangu kizazi cha Haswell cha mwaka 2013, prosesa za Intel zinaweza kukagua saini ya programu dhibiti kabla ya kuiendesha, na mtengenezaji akishachoma alama ya ufunguo wake ndani ya chipu, haifutiki tena. Ubao uliofungwa hivyo hukataa msimbo wa mtu mwingine hata ukiwa sahihi. Si mbao zote za karibuni zilizofungwa, kwani MSI PRO Z690-A, kwa mfano, ina toleo lake la coreboot liitwalo Dasharo, lakini hapo bado unategemea vipande vya Intel ambavyo msimbo wake haujawekwa wazi.

Nilivutiwa na ASUS KGPE-D16, ubao wa seva wenye soketi mbili na nafasi 16 za RAM, kwa kuwa prosesa zake za Opteron hazina PSP, yaani prosesa ndogo ya AMD inayoendesha programu iliyofungwa. Hata hivyo niliuacha. Unakula umeme mwingi, na coreboot iliuondoa kwenye tawi lake kuu baada ya toleo la 4.11, jambo ambalo kwangu lilikuwa na uzito kuliko sifa zake zote.

Mwishowe nilichukua ASUS P8H61-M LX, wa prosesa za Intel za Sandy Bridge na Ivy Bridge, vizazi vilivyotangulia Haswell, ambao haukufikiwa na Boot Guard na ambao RAM yake huandaliwa na msimbo wa coreboot wenyewe. Kilichoniridhisha zaidi ni chipu ya BIOS: ina megabaiti 4, ina miguu minane, na imechomekwa kwenye soketi badala ya kulehemewa, hivyo ubao ukigoma kuwaka unaing'oa na kuiandika upya nje. Kabla ya kulipa, nilimwomba muuzaji picha ya jina lililochapwa kwenye ubao wenyewe, si boksi, kwa sababu LX na LX3 R2.0 ni mbao tofauti na kila mmoja una msimbo wake.

Niliing'oa chipu taratibu, nikiangalia upande wa kitobo chake ili nisije nikairudisha kinyume, nikaisoma mara mbili kwa flashrom, programu ya kusoma na kuandika chipu kama hizi, na kulinganisha majumlisho ya ukaguzi (checksum) ya mafaili yote mawili. Kifaa cha CH341A, kinachounganisha chipu na kompyuta kwa USB, ni rahisi kupatikana, ila baadhi hupeleka volti 5 kwenye nyaya za data ilhali chipu inataka 3.3, kwa hiyo nilikipima kwanza. Nakala hiyo inahitajika, kwa maana ndani yake mna sehemu ya Management Engine, yaani prosesa ndogo ya Intel inayoendesha programu iliyofungwa. Ukiifuta sehemu hiyo yote, kompyuta hujizima baada ya dakika 30, kwa hiyo niliipunguza kwa programu ya me_cleaner, ambayo huishusha kutoka takriban megabaiti 1.5 hadi chini ya kilobaiti 100. Kipande kinachobaki bado kimefungwa, kwa hiyo siwezi kudai kwamba mashine ni huria asilimia mia.

Coreboot niliiandika kwenye chipu nyingine ya aina ileile pamoja na SeaBIOS, programu inayoanzisha mfumo wa uendeshaji, na ile ya kiwandani nimeihifadhi bila kuigusa. Ubao huu unaishia kwenye gigabaiti 16 za RAM na SATA (njia ya kuunganisha diski) ya gigabiti 3 kwa sekunde, kiasi kinachotosheleza kazi zangu za kuandika na kukompaili programu ndogondogo.