Chini ya Kanisa la Højerup

Kanisa la kale la Højerup limekaa ukingoni kabisa mwa genge, na upande wake wa madhabahu haupo. Uliporomokea ufukweni mwaka 1928. Hadithi ya wenyeji ni kwamba kila usiku wa Krismasi kanisa hujisogeza bara kwa hatua moja ya jogoo. Huyo jogoo, nadhani, alichelewa.

Nilishuka ngazi upepo wa bahari ukinipiga usoni. Nilikuwa nimekuja hapa Stevns Klint, genge la pwani kusini mwa Copenhagen, Denmark, kuuona mstari mmoja tu, na bado niliupita mara mbili. Ni udongo wa mfinyanzi wa kijivu, unene wa sentimita chache, uliobanwa kati ya chaki nyeupe chini na chokaa ngumu juu. Una umri wa miaka milioni 66. Mwaka 1980 mwanafizikia Luis Alvarez, mwanawe Walter, mwanajiolojia, na wenzao walieleza kwamba iridi, metali adimu ardhini lakini si katika vimondo, humu imeongezeka mara 160 hivi. Wakasema asteroidi, mwamba mkubwa wa angani, iliigonga dunia na kuangamiza viumbe wengi. Watu hulilia dainosaria. Mimi nilikuwa nawafikiria foraminifera, viumbe wa seli moja wenye magamba. Chini ya mstari wamejaa. Juu yake, spishi zilizokuwa zikielea baharini karibu zote hazionekani tena.

Nikaokota kipande cha chaki, nikatoa lenzi. Unga mtupu! Nilipaswa kujua: chaki hii ni kokoliti, vibamba vya chokaa vilivyowavika mwani wa seli moja, na kimoja kwa kawaida hakifiki hata sehemu ya mia ya milimita. Kukiona sawasawa kunataka hadubini ya elektroni. Vyenyewe ni vyepesi mno kuzama haraka. Vingi vilifika chini vikiwa ndani ya kinyesi cha wanyama wadogo wa baharini waliowala mwani hao. Sehemu kubwa ya ukuta huu mweupe, basi, imepitia matumboni.

Sikukaa sana pale chini. Mawimbi hula chaki laini, chokaa ya juu ikabaki inaning'inia kama paa lisilo na nguzo. Kanisa lilikwenda hivyohivyo.

Kwenye basi nikaona suruali imekuwa nyeupe magotini. Nilipangusa, unga ukazidi kuingia kwenye nyuzi.