Serikali ya Minnesota Ilifunga, Sisi Hatukufunga

Sisi Wakenya wa Minneapolis, jimbo la Minnesota huko Marekani, kwa kushauriana hatujambo. Juni 2011 ikiisha, Gavana Mark Dayton na wabunge wa Republican walikuwa bado wanavutana juu ya pengo la dola bilioni 5 kwenye bajeti ya jimbo, na bila bajeti serikali ingefunga ofisi zake; kila niliyekutana naye nje ya kanisa alikuwa na la kuniambia. Nilisimamia nyumba ya watu wanne wenye ulemavu kule Brooklyn Park, na mishahara yetu ilitoka Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo na wenye ulemavu. Mzee mmoja akanionya nipunguze watu mapema, pesa haitakuja. Mwingine, tena muuguzi, akasema niwapeleke wakaazi chumba cha dharura niwaache huko, kwa kuwa hospitali haiwezi kuwafukuza. Ati ujanja! Mtu anayekataa uji asipolishwa na mkono anaoujua, ukamtupe kwenye korido.

Mimi nilisoma. Juni 29 Jaji Kathleen Gearin wa Kaunti ya Ramsey aliamuru kazi za lazima ziendelee hata serikali ikifunga: magereza, doria za barabara kuu, na malipo ya Medicaid. Niliichapisha amri, nikapiga mstari mwekundu palipotuhusu, nikaibandika kwenye friji kando ya ratiba ya shifti. Waliokuwa wakinong'ona kuacha kazi waliisoma wakichukua maziwa.

Julai 1 serikali ikafunga kweli. Wafanyakazi kama 22,000 wakarudishwa nyumbani. Pesa zetu zikaingia. Kilichonibana hakuna mshauri aliyekitaja: nilikuwa nimeajiri msichana wa zamu ya usiku, na huwezi kumwacha mtu peke yake na wakaazi kabla rekodi zake hazijakaguliwa. Ukaguzi huo hufanywa na jimbo, nao ukasimama. Nikipiga simu, najibiwa na mashine. Nikafunga safari hadi St. Paul, makao makuu ya jimbo, nikiwa na faili kwapani na tai shingoni, kana kwamba mlango hufunguka kwa tai. Mlinzi akaniangalia kwa huruma: "Rudi wakishaelewana."

Basi nikafukua orodha ya akiba, watu wenye vibali ambao hatukuwahi kuwafuta: wanafunzi wawili, mama aliyehamia kiwandani, na jamaa aliyekuwa sasa dereva wa teksi. Niliwapigia saa za jioni wakiwa jikoni, maana mtu anayekoroga sufuria hana nafasi ya kutunga visingizio. "Dada, usiku miwili tu, na pilau juu yangu." Mama akacheka, akauliza nyama ni ya mbuzi au ya kuku. Dereva alikuja na teksi yenyewe, akaiegesha nje, majirani wakadhani tuna mgonjwa wa kusafiri. Ovataimu ilikula dola elfu moja na ushee; mwajiri wangu alinuna, akalipa.

Shida iliyotutoa jasho zaidi ilikuwa bahati nasibu. Ya jimbo nayo ilifungwa, na mkaazi wetu mmoja hununua tiketi kila Ijumaa. Alikaa mlangoni amevaa viatu, hataki chakula. Nikaandika namba nyuma ya risiti, nikazitia kwenye sufuria, zawadi chapati. Alishinda kila mara. Namshuku mama wa kiwandani, ndiye aliyekuwa akichota.

Dayton alitia saini bajeti Julai 20. Msichana akaanza kazi baadaye kidogo. Wale wa akiba sikuwafuta. Namba zao nimeziandika kwa penseli, kwani kubadilisha laini kwao ni kama kubadilisha shati.